Kabla ya Kupima Parseli, Tuulize Ardhi

(Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili, Kisangani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Mwenyekiti ametuomba tuseme kidogo juu ya kile kiwanja cha upande wa pili wa daraja la Tshopo. Hali yake tunaijua wote. Karatasi ya shefu ipo. Michango ya wanachama ipo kwa Mama mweka hazina. Wafadhili wameahidi mabati na mbao, na bajeti yao inafungwa Desemba. Vijana wako tayari na mapanga. Wengine wamekwisha kusema: "Tuchome tu manyasi, tugawe parseli, mvua haitatungoja." Tunawaelewa. Mtu aliyelala miezi au miaka chini ya turubai ya mwenzake hahitaji kuambiwa maana ya nyumba.

Lakini tumekuja kuomba kitu kimoja. Kabla ya moto, kabla ya jembe, kabla ya kamba ya kupima, tuulize ardhi hiyo imebeba nini. Tutaeleza juu ya nini tunaomba hivyo, kazi yenyewe inafanyika namna gani, na itaomba nini kwa kila mmoja wetu.

Ardhi hii ilipiganiwa

Wazee hapa hawahitaji somo la historia, lakini vijana wengi walikuwa hawajazaliwa, na wafadhili wengine wanasoma tu vitabuni. Majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji huu mara tatu: Agosti 1999, Mei 2000, na mara ya tatu kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, njo ile tunaita vita vya siku sita. Timu ya Umoja wa Mataifa iliyokuja baadaye kuangalia hasara iliandika kwamba raia zaidi ya 760 walikufa, kama 1,700 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika, shule 69 zilipigwa, na watu 65,000 walikimbia. Wengi wenu mko ndani ya hesabu hiyo ya 65,000.

Hesabu inayotajwa sana ya obisi zilizoanguka ni zaidi ya 6,600. Hebu tufanye hesabu ya kawaida tu, kama ya sokoni. Tuseme katika obisi mia moja, tano hazikulipuka. Hiyo inatupa zaidi ya 300 zilizoingia ardhini zikiwa nzima. Hatusemi njo hesabu kamili. Tunaonyesha tu kwamba hata makosa madogo ya silaha yanaacha kazi kubwa kwa wakulima. Na udongo wetu ni laini, wenye maji. Obisi ikianguka juu ya barabara ya lami inagonga kitu kigumu. Ikianguka ndani ya potopoto la mtoni inaweza kuzama bila kulipuka, na manyasi yakaota juu yake msimu uleule.

Miaka ya kwanza baada ya vita, shirika la Handicap International lilifanya hapa Kisangani kazi ya kuondoa mabomu na kufundisha watu hatari yake. Kazi hiyo iliokoa watu. Lakini ilifuata mahali watu walipokuwa wakiishi na kupita wakati ule. Kiwanja ambacho hakuna mtu aliyekuwa anakitaka mwaka 2002 hakikuwa na sababu ya kuwa wa kwanza kwenye orodha. Leo mji umekua, bei ya parseli ndani ya Makiso, Mangobo na Kabondo imepanda, na njo maana watu wanavuka daraja. Tunakwenda kuishi mahali ambapo zamani tulikuwa tunapita tu.

Neno moja, hatari mbili

Kuna neno linaleta fujo katika mikutano yetu. Kwa Kifaransa "mine" ni bomu la kutegwa ardhini, na "mine" tena ni mahali pa kuchimba madini. Mzee mmoja akisema, "Pale kuna mine," mwandishi wa wafadhili anaandika bomu, kumbe mzee anasema shimo la almasi. Au kinyume chake.

Kwa upande wetu, maswali yote mawili lazima yaulizwe. Mkoa wetu una machimbo mengi ya zamani ya almasi na ya dhahabu, yaliyochimbwa kwa mikono na kuachwa. Shimo lililoachwa linajaa maji, manyasi yanalifunika, mtoto anaanguka. Au wachimbaji walilijaza kwa udongo uliolegea, mtu anajenga juu yake, na baada ya mvua mbili ukuta unapasuka. Bomu linaua kwa sekunde moja, shimo linaua polepole, lakini yote mawili hayaonekani siku ya kupima parseli.

Karatasi inasema mipaka, haisemi chini

Sheria ya ardhi ya nchi yetu, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya Serikali, na mwananchi anapewa haki ya kuutumia. Kwa hiyo tunapigania karatasi: barua ya shefu, kisha kadasta, na mwisho hati ya kuandikishwa kwa wale wanaoweza kufika huko. Karatasi hizo ni za lazima na chama kinafanya vizuri kuzitafuta. Lakini zinajibu swali moja tu: nani, na mpaka wapi. Kadasta anapima urefu na upana. Hapimi kina.

Hata fedha za Mahakama ya Kimataifa ya Haki hazijibu swali hilo. Mnajua kwamba tarehe 9 Februari 2022 Mahakama iliamua Uganda ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, na 60 kwa utajiri wa asili. Wanachama wengi wanafuatilia FRIVAO hapa mjini, na ni haki yao kabisa. Lakini mhanga akilipwa leo na kununua parseli kesho, pesa haimwambii kuna nini chini ya mguu wake.

Kazi inafanyika namna gani

Watu wengi wakisikia "kuchunguza mabomu" wanafikiri mara moja mtu mwenye kofia ngumu na mashine inayolia. Huyo anakuja mwishoni, na mahali pengi haji hata kidogo. Kazi ina ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni maswali. Tunakaa na watu na tunachora ramani ya kiwanja chini, kwa kijiti, kisha kwenye karatasi. Jeshi gani lilikaa hapa, na miezi mingapi? Mahandaki yalikuwa wapi? Walikuwa wanalinda nini: daraja, barabara, mlima? Obisi zilitokea upande gani? Kuna mnyama aliyelipuka? Kuna mtu aliyeumia, na alikuwa anafanya nini saa hiyo? Nani amelima hapa tangu wakati ule, misimu mingapi, kwa jembe la kina gani?

Na tunauliza watu wote, si shefu peke yake. Bamama wanaokata kuni wanajua njia ambazo watu waliacha kuzipita, na sababu yake. Wachoma makaa wanajua mahali moto "ulipiga kelele". Wafyatua matofali wamekwisha kuchimba chini kuliko sisi wote. Wawindaji wanajua msitu. Watoto wanaookota feraye za kuuza wanajua mambo ambayo wazazi wao hawajui, na wanasema ukweli ukiwauliza bila kuwagombeza. Muuguzi wa kituo cha afya ana daftari. Askari wa zamani akikubali kukaa nasi, saa moja yake ina thamani ya siku kumi za mashine.

Ngazi hii ina faida ambayo hatuisemi vya kutosha: inafungua ardhi. Kama familia imelima kipande kimoja kwa jembe tangu miaka ya 2000, kila msimu, hakuna ajali, hakuna chuma cha vita, na majirani wanathibitisha, huo ni ushahidi wa maana. Kipande hicho kinaweza kuondolewa kwenye mashaka bila mashine kuletwa. Uchunguzi wa kitaifa uliomalizika mwaka 2013 ulipita katika nchi hii kubwa, na mwisho ukabaki na maeneo 130 tu yanayoshukiwa kuwa na mabomu ya kutegwa, jumla ya kilomita za mraba 1.8 hivi, yaani kama hekta 180, bila kuhesabu Aru na Dungu. Kabla ya kuuliza sawasawa, hofu ilikuwa imefunika eneo kubwa zaidi ya hilo. Hesabu hiyo ni ya mabomu ya kutegwa. Obisi zilizotawanyika ni jambo lingine, na kwetu Kisangani obisi njo shida ya kwanza. Lakini somo ni lilelile: maswali mazuri yanarudisha ardhi kwa watu.

Ngazi ya pili ni ya mafundi. Pale maswali yanapoacha shaka, wanaingia watu waliosomea kazi hiyo na kukubaliwa na CCLAM, kituo cha Serikali cha kupambana na mabomu hayo, chini ya sheria namba 11/007 ya tarehe 9 Julai 2011. Wanafungua njia nyembamba ndani ya eneo la shaka, hatua kwa hatua, ili kujua hatari inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwetu kazi yao inakwenda polepole, kwa sababu udongo mwekundu una chuma cha asili ndani yake, na mashine inaweza kulia pasipo na kitu. Kila mlio unachunguzwa kama vile ni bomu.

Ngazi ya tatu ni kuondoa na kuharibu kilichopatikana. Hapo ndipo pesa nyingi zinatoka. Ngazi mbili za kwanza zikifanywa vizuri, ya tatu inabaki ndogo.

Kuna neno moja hapa tunaomba kamati ya ujenzi ilishike: kina. Ardhi ikisafishwa, inakabidhiwa kwa hati inayosema imesafishwa mpaka kina gani na kwa matumizi gani. Kwa mabomu ya kutegwa, kina hicho mara nyingi ni kama sentimita 20. Hiyo inamtosha mama anayepanda mihogo. Haimtoshi fundi anayechimba msingi, wala choo cha mita tatu, wala kisima. Obisi iliyoanguka kwenye udongo laini inaweza kuwa chini sana kuliko jembe linavyofika. Kwa hiyo tukiita mafundi bila kuwaambia kwamba hapa patakuwa vyoo, pale shule, kule bomba la maji, tutapewa jibu sahihi la swali ambalo si letu. Mchoro wa kijiji lazima uwe mezani kabla ya uchunguzi.

Uongo wa aina mbili

Sasa tuseme jambo ambalo watu wanalisema nyumbani tu.

Ardhi ina bei, na habari za bomu zina bei pia. Kuna muuzaji anayesema: "Hapa ni salama, mimi nilizaliwa hapa," juu ya kutaka kumaliza biashara kabla ya mtu kuuliza. Na kuna mwingine anayesema: "Msiguse pale, pamejaa mabomu," juu ya kutaka waliorudi waogope, ili yeye abaki na shamba. Wanachama wetu waliotoka Lubunga baada ya mgogoro wa Mbole na Lengola ulioanza mwaka 2023 wanajua kwamba ardhi ikigombaniwa, kila neno ni silaha.

Njo maana maswali hayaulizwi pembeni, mtu mmoja na mtu mmoja tu, kisha yakaishia hapo. Kila habari ya hatari inaandikwa na jina la aliyesema, aliona mwenyewe au alisikia, mwaka gani, na nani mwingine aliyekuwepo. Kisha ramani inaletwa mbele ya watu wote: wenyeji, waliorudi, wanawake na vijana. Uongo unaishi vizuri ndani ya chumba. Mbele ya majirani wanaokumbuka unachoka haraka. Na kama mwenyeji ana dai lake la haki juu ya kipande fulani, hiyo ni kesi ya ardhi, iende kwa wanaoamua kesi za ardhi. Isivalishwe nguo ya bomu.

Tunachoomba kwa wanachama

Kwanza, hakuna moto kwenye kiwanja. Moto ni njia yetu ya kulima, tunajua, lakini joto linaweza kulipua kitu kilicholala miaka zaidi ya ishirini. Kutu haipunguzi ubaya wake. Chuma kinazeeka, baruti inabaki, na fyuzi iliyozeeka ndiyo haitabiriki kabisa.

Pili, hakuna kuchimba wala kukata mti kwa salongo mpaka ngazi ya kwanza imalizike. Kazi ya kufyeka inaweza kuanza kwenye vipande vilivyofunguliwa, kimoja kimoja.

Tatu, mtu akiona chuma asichokijua, asikiguse, asikitupie jiwe, asikibebe kwa toleka kukileta mjini kutuonyesha. Arudi kwa njia aliyokuja nayo, aweke alama mahali salama ambapo watu wanapita, amwambie shefu na sisi. Mkikuta mawe au vijiti vilivyopakwa rangi mbili, upande mwekundu ni wa hatari na upande mweupe ni wa usalama. Msing'oe.

Nne, tuseme na watoto. Kilo ya feraye inaleta pesa kidogo sana. Mnunuzi wa feraye anayepokea kichwa cha obisi kutoka kwa mtoto anajua anachokipokea. Tumkataze kwa sauti, na kama hasikii, tumpeleke kwa shefu wa kartie.

Tunachoomba kwa wafadhili

Ndugu wafadhili, tunawashukuru kwa mabati. Lakini tunaomba kwa heshima: wekeni uchunguzi wa ardhi kama mstari wa kwanza wa bajeti, si kama hasara ya muda. Ngazi ya kwanza haiombi mashine. Inaomba usafiri, karatasi, chakula cha mchana kwa wazee, na majuma machache ya uvumilivu. Mkituambia lazima nyumba zionekane kwenye picha kabla ya Desemba, vijana wetu watachoma manyasi usiku, na sisi sote tunajua nani atatembea pale wa kwanza asubuhi. Ni mwanamke mwenye jembe, na mtoto nyuma yake.

Tunapendekeza hivi. Vipande vitakavyofunguliwa kwanza vijengwe kwanza, hata kama ni nyumba kumi tu mwaka huu. Vyenye shaka visubiri mafundi. Sehemu ya mabati iwekwe stoo mpaka mwakani, na barua ya kueleza hivyo tutaiandika pamoja nanyi. Chama kisigawe namba za parseli kabla ya ramani, ili mtu asifike siku moja kuambiwa parseli yake ndiyo iliyobaki upande mwekundu. Kura ipigwe juu ya ardhi iliyokwisha kufunguliwa tu. Hiyo inalinda pia umoja wetu.

Tusifikiri ni kazi isiyoisha. Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu hayo tarehe 2 Mei 2002, na muda wake wa kumaliza kazi umeongezwa mara kadhaa. Lakini Rwanda ilitangaza kumaliza kwake mwaka 2009, Uganda mwaka 2012, na Msumbiji, iliyokuwa na mabomu mengi sana baada ya vita vyake, mwaka 2015. Wale waliopigana katika mitaa yetu wamekwisha kusafisha udongo wa kwao. Na wetu uwe safi pia, kiwanja kwa kiwanja.

Jumamosi saa mbili ya asubuhi tutakuwa chini ya mwembe wa shefu, upande wa pili wa daraja, na karatasi kubwa na kalamu. Tunahitaji wazee watano waliokuwepo mwaka 2000, bamama watano wanaokata kuni upande ule, na kila kijana aliyewahi kuokota feraye pale, bila hofu ya kugombezwa. Nauli ya toleka tutalipa. Mapanga yabaki nyumbani.

Sasa tusikilize maswali.